Mtoto wa Jicho Katolewa, Presha ya Jicho Je?

Wazee wengi wa kwetu wanaokuja kutembelea watoto wao Uingereza, Marekani au Oman hupelekwa kwa daktari wa macho kwa jambo moja tu: kutolewa mtoto wa jicho. Wengi hurudi nyumbani wakiwa wanasoma gazeti wenyewe. Lakini wapo wanaofunguliwa bandeji wakakuta ukungu umeondoka huku kiza cha pembeni kiko pale pale, na hapo ndipo lawama zinapoanza kuwa daktari kaharibu jicho.

Mara nyingi daktari hakuharibu kitu. Jicho lilikuwa na magonjwa mawili, na upasuaji ulitibu moja.

Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani ya jicho iliyopoteza uangavu wake na kuwa na ukungu. Lenzi hiyo hutolewa, inawekwa ya bandia, na kama sehemu nyingine za jicho ni nzima mtu anaona tena. Presha ya jicho, ambayo madaktari huiita glakoma, ni jambo jingine kabisa. Maji yaliyomo ndani ya jicho hushindwa kutoka vizuri, shinikizo hupanda, na mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo hufa kidogo kidogo. Kilichokufa hapo hakirudi, si kwa matone, si kwa leza wala kwa kisu. Upasuaji wa presha ya jicho haufanywi ili mtu aone zaidi bali ili asipoteze alichobakiwa nacho.

Jambo hili laiti lingeelezwa kwa Kiswahili kabla mgonjwa hajatia saini ile karatasi ya ridhaa, ugomvi mwingi wa kifamilia usingekuwepo.

Shinikizo la kawaida la jicho huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki, ingawa wapo wanaopata glakoma wakiwa chini ya kiwango hicho. Weusi wenye asili ya Afrika wamo katika hatari kubwa zaidi, na ugonjwa huwaanza mapema. Hauumi. Huanza kula pembeni, na mgonjwa hagundui mpaka anapoanza kujigonga kwenye milango.

Swali tunaloulizwa sana ni hili: je, kutoa mtoto wa jicho kunashusha presha ya jicho? Jibu ni ndiyo, kwa kiasi fulani, na inategemea aina ya presha.

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwaangalia watu waliokuwa na shinikizo la juu bila kuwa bado na glakoma, ambao walifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Wastani wa shinikizo lao ulishuka kutoka milimita 23.9 hadi 19.8. Si haba, lakini kwa mtu ambaye mshipa wake umeshaliwa sana na anayehitaji kushushwa hadi 12, upungufu huo hautoshi.

Hali ni tofauti kwa wale ambao njia ya kutokea maji imebanwa, yaani pembe ya jicho imefunga. Lenzi iliyonenepa kwa umri ndiyo inayosukuma na kuziba, hivyo ukiiondoa unafungua njia. Utafiti ulioitwa EAGLE, uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2016, uliwahusisha wagonjwa 419 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika hospitali 30 za nchi tano. Nusu walitolewa lenzi ingawa haikuwa na mtoto wa jicho, nusu walitobolewa tundu kwa leza kama ilivyozoeleka. Baada ya miaka mitatu waliotolewa lenzi walikuwa na wastani wa milimita 16.6, wenzao 17.9, na waliotolewa lenzi walihitaji matone machache zaidi.

Upasuaji wenyewe wa presha ya jicho, trabekulektomi, ulianza kujulikana mwaka 1968 kupitia daktari John Cairns wa Cambridge. Daktari hufungua kijitundu ili maji yatokee chini ya ngozi nyembamba inayofunika weupe wa jicho. Unashusha presha kuliko matone. Utafiti wa TAGS wa Uingereza, wenye wagonjwa 453 waliogundulika wakiwa hatua za mbali, ulitolewa mwaka 2021: baada ya miaka miwili waliopasuliwa walikuwa na wastani wa milimita 12.4, wa matone 15.1.

Bei yake lakini ipo. Wiki za mwanzo shinikizo linaweza kushuka kupita kiasi na uoni ukayumba. Kijitundu kinaweza kujifunga kwa kovu, na kwa watu wenye asili ya Afrika hilo hutokea zaidi, ndiyo maana madaktari hutumia dawa ya kuzuia kovu wakati wa upasuaji. Mtoto wa jicho naye mara nyingi huja haraka baadaye. Na jicho lililofanyiwa upasuaji huu likiwa jekundu, linauma na kutoa usaha, hata kama ni miaka mingi imepita, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Kuna pia habari njema kutoka nyumbani. Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, ilikuwa mahali pa utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika The Lancet Global Health. Wagonjwa 201 wa glakoma waligawanywa, baadhi wakapewa matone ya timolol na wengine wakapigwa leza. Baada ya mwaka mmoja matibabu yalifaulu kwa asilimia 31 ya macho ya matone, na asilimia 61 ya macho ya leza. Kwa mtu anayesubiri atumiwe pesa kila mwezi ili anunue chupa ya dawa, tofauti hiyo ni kubwa. Tunaotuma pesa hizo tuulizie kwanza kama leza inapatikana. (Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kutumia timolol, inaweza kumbana kifua.)

Tukumbushe na jambo moja ambalo watu hulionea aibu. Dawa zenye steroidi hupandisha presha ya jicho. Matone mekundu-macho yanayonunuliwa dukani bila cheti yanaweza kuwa nazo, na krimu za kung'arisha uso zinaweza kuwa nazo pia. Hata matone ya steroidi ya baada ya upasuaji hufanya hivyo kwa baadhi ya watu, kwa hiyo miadi ya kurudi kupimwa isirukwe kwa sababu jicho "limeshapona".

Kwa walioko England, mwenye umri wa miaka 40 na zaidi ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake ana glakoma hupimwa macho bure, na mwenye miaka 60 hupimwa bure hata kama hakuna mgonjwa katika familia. Scotland wote hupimwa bure. Nchini Marekani, Medicare hulipia kipimo cha glakoma mara moja kila miezi 12 kwa walio katika hatari, wakiwemo Wamarekani weusi wenye miaka 50 na zaidi, wenye kisukari na wenye ugonjwa huo katika familia. Na anayeendesha gari Uingereza akiwa na glakoma katika macho yote mawili anatakiwa kisheria kuiarifu DVLA.