Kolelo

Kolelo (pia: Kolero) ni jina la mzimu ulioheshimiwa zamani na Waluguru na majirani zao katika Milima ya Uluguru, Mkoa wa Morogoro, Tanzania. Makao yake yalisemekana kuwa pangoni, upande wa mashariki wa milima hiyo. Kolero ni pia jina la kata katika Wilaya ya Morogoro Vijijini.

Katika masimulizi Kolelo ni nyoka mkubwa. Watu walimwendea hasa kuomba mvua na mavuno, wakipeleka sadaka kwa walinzi wa pango. Waombaji hawakuwa Waluguru peke yao: Wazaramo, wanaoishi kuelekea pwani, nao walipanda milimani kwa miguu, safari ya siku kadhaa. Ukitazama ramani sababu yake haiko mbali. Mto Ruvu na Ngerengere hushuka kutoka Uluguru kwenda nyanda kavu zaidi za mashariki, na hadi leo maji ya Ruvu hutumika Dar es Salaam.

Mvua haikuombwa kwa Kolelo tu. Huko Kinole alikuwepo Kingalu, kiongozi aliyesifika kwa kuleta mvua. Hilo ni jina la cheo, si la mtu mmoja, nalo hurithiwa upande wa mama, kama ilivyo ardhi ya ukoo kwa Waluguru.

Mwaka 1905, Vita vya Majimaji vilipoanza, zilienea habari Uzaramo kwamba Kolelo amewakataza watu kulipa kodi ya Wajerumani. Kwa wakulima jambo hilo halikuwa dogo: asiyelipa aliweza kulazimishwa kufanya kazi. Wanahistoria wamelinganisha Kolelo na Bokero, mzimu wa Mto Rufiji, na pia na mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyegawa maji ya dawa na kunyongwa na Wajerumani mwaka huohuo. Hata hivyo, kumfanya Kolelo chanzo cha vita ni kuzidisha. Kodi na kilimo cha pamba cha kulazimishwa vilitosha kuwakasirisha watu. Jina la mzimu uliojulikana na makabila mengi liliupa ujumbe uzito na kuuvusha mipaka ya ukoo na lugha.

Ukristo, ulioingia kupitia misheni za Kikatoliki kama ile ya Matombo, pamoja na Uislamu uliotoka pwani, ulipunguza safari za pangoni.