Mbwa wa Shamba na Nyoka wa Kikoneni

Kule Kikoneni, ndugu msomaji, mbwa haingii nyumbani. Kazi yake ni shambani: kuwafukuza nyani na nguruwe mwitu wasiyamalize mahindi. Ila katika majani yayo hayo hulala moma, mnene, mzito, rangi ya majani makavu. Hakimbii mtu, hutulia kama gogo. Mtu hupita asimwone. Mbwa humnusa, akaumwa pua kabla mtoto hajaumwa mguu.

Swila naye hutema sumu machoni, na dawa ya kwanza ni maji mengi, upesi, kabla jicho halijapofuka. Hapo ndipo wengi wetu husita. Ni kweli, kwetu Mashafii, palipoingia mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini maji ya kata humwagwa kwa mbali. Na Suratul-Maida imehalalisha windo la mbwa aliyefunzwa.

Nimemwona mmoja chini ya mkorosho, macho yamefumba, akijisugua mchangani. Mwenyewe kasimama kando, kata imejaa mkononi, akiuhofia udhu wake. Na udhu hauvunjwi na mbwa. Kinachooshwa ni najisi.