Mapazia ya mota: Ufundi wa jua kali unaoweza kumfaa asiyejiweza

JUA la Kitui na Makueni halina simile. Katika miezi ya kiangazi, kabla ya mvua za vuli na zile za masika, nyumba ya mabati hugeuka tanuri ifikapo adhuhuri ikiwa madirisha hayakufunikwa mapema.

Kwa mtu mwenye nguvu zake, kuvuta pazia si kazi. Lakini kwa mzee aliyepooza, au mlemavu aliyebaki peke yake jamaa wakiwa shambani au sokoni, pazia hilo ni mlima. Hana budi kuvumilia jua usoni hadi mtu arejee.

Hapo ndipo pazia linaloendeshwa kwa mota na rimoti linapoacha kuwa anasa ya matajiri. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Kifaa hiki chaweza kuundwa na fundi yeyote wa mtaani aelewaye umeme wa gari.

Kiini chake ni mota ya volti 12. Inayofaa ni ile ya kupandisha na kuteremsha vioo vya gari, na mahali pa kwanza pa kuiulizia ni kwa wauzaji wa vipuri vikuukuu, mathalani katika miji ya barabara kuu ya Mombasa kama vile Emali na Mtito Andei. Ndani yake mna gia inayopunguza kasi na kuongeza nguvu.

Mota hufungwa juu, pembeni mwa dirisha, na kuzungusha kapi. Kapi la pili huwekwa upande wa pili, kisha kamba moja hupitishwa katika yote mawili na kufungwa kuwa kitanzi kilichokazwa. Pazia la kushoto hushikizwa kwenye kamba ya mbele, na la kulia kwenye kamba ya nyuma. Kwa kuwa pande hizo mbili za kitanzi huenda kinyume, mapazia hukutana katikati au huachana.

Mota hii hubadili mwelekeo pale chanya na hasi zinapobadilishana kwenye nyaya zake. Kazi hiyo hufanywa na rilei mbili, yaani swichi za sumaku, zinazoamrishwa na risiva ya rimoti: kitufe kimoja hufunga, kingine hufungua.

Ni rimoti ya aina gani? Historia ina funzo. Mwaka wa 1955 kampuni ya Zenith ya Marekani ilitoa Flash-Matic, rimoti ya televisheni isiyo na waya iliyotumia mwale wa mwanga. Mwanga wa jua uliihadaa, na mwaka uliofuata kampuni hiyo ikageukia sauti isiyosikika na sikio la binadamu. Vivyo hivyo, risiva ya miali iliyowekwa dirishani penye jua kali yaweza kutatizika. Afadhali rimoti ya redio, kama zile za megahati 433. Mgonjwa hahitaji hata kuinua mkono kuielekeza.

Kila mwisho wa safari ya pazia sharti pawe na swichi ndogo ya kukata umeme, iliyounganishwa na dayodi ili mota iweze kurudi nyuma. Bila swichi hizo, mota itaendelea kuvuta hadi kamba ikatike au nyaya ziungue. Fyuzi nayo iwekwe karibu na betri.

Betri ndogo inayochajiwa na sola yatosha. Tuseme mota inavuta ampea 3 kwa sekunde 10, mara 4 kwa siku: hiyo ni takriban ampea-saa 0.03 tu. Risiva inayongoja amri usiku na mchana, hata ikitumia milampea 10, hula ampea-saa 0.24, yaani zaidi ya mara saba. Basi fundi achague risiva isiyo na uchu wa umeme.

Tahadhari tatu zizingatiwe. Kwanza, nyaya za volti 240 zisiunganishwe na mtambo huu kamwe. Pili, kamba isining'inie mahali ambapo mtoto aweza kujinyonga. Tatu, gia hiyo haizunguki ikivutwa kwa mkono. Kwa hivyo pazia lishikizwe kwa kulabu inayofunguka, umeme ukiisha lisiwe gereza.

Kazi ikikamilika, asiyejiweza ndiye apewe rimoti aijaribu kabla ya fundi kuondoka. Ikiwa vidole vyake haviwezi kubonyeza kitufe, kazi haijaisha: kitafutwe kitufe kikubwa zaidi.