Geini si volyumu: Kosa dogo linalounguza spika za gari

Endulen. Safari ya gari kutoka Endulen kwenda Karatu inaanza na vumbi na mawe. Gari linapanda hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kisha linashuka mpaka lango la Lodoare ndipo likutane na lami. Njia nzima injini inanguruma, bodi inagonga, abiria wanapiga stori, na mziki hausikiki vizuri.

Hapo wengi wanakimbilia dawa moja: bisibisi. Wanafungua geini ya amplifaya mpaka mwisho. Mziki unapanda kweli, lakini baada ya muda twita zinanyamaza au sabufa inatoa harufu ya kuungua. Spika inaambiwa ni feki, na hela nyingine inatoka mfukoni kwenda kununua mpya mjini. Mara nyingi spika haina kosa.

Geini ni nini?

Redio ya gari haipeleki nguvu kubwa kwenye waya za RCA. Inapeleka umeme mdogo unaobeba mziki. Redio moja inatoa hadi volti 2, nyingine 4 au zaidi. Amplifaya haijui imeunganishwa na redio ipi, hivyo geini ndiyo inayoiambia: umeme ukifika kiwango hiki, toa nguvu yako yote.

Kwa hiyo geini haiongezi wati. Dumu la lita 20 ukilifungulia bomba kwa nguvu litajaa haraka, lakini halitabeba lita 30. Zinazozidi zinamwagika.

Namba zinazochanganya

Amplifaya nyingi zimeandikwa kuanzia 6V hadi 0.2V. Wengi hudhani namba kubwa ndiyo sauti kubwa. Ni kinyume chake. Ukiweka 0.2V, amplifaya inafika mwisho wa nguvu zake kwa umeme mdogo sana. Kama redio inatoa volti 2, hiyo ni mara 10 ya inachohitaji, na volyumu inakuwa imefika mwisho hata kabla hujaizungusha nusu.

Kwa nini spika inaungua?

Amplifaya ikizidiwa, mawimbi ya sauti hukatwa vichwa. Mziki unaanza kukwaruza, na nguvu inayokwenda kwenye spika inaweza kukaribia mara mbili ya iliyoandikwa kwenye amplifaya. Koili inapata joto hadi inaungua. Twita ndizo hutangulia kufa, kwa sababu koili zake ni nyembamba.

Dalili nyingine ya geini iliyozidi ni mvumo wa "shshsh" mziki ukiwa umezimwa, au mluzi unaopanda kila dereva akikanyaga mafuta.

Jinsi ya kuipanga

1. Rudisha geini chini kabisa. Zima besi busti na weka ikwalaiza katikati.

2. Washa gari, weka wimbo uliorekodiwa vizuri, kisha pandisha volyumu ya redio hadi robo tatu.

3. Fungua geini taratibu. Ukisikia sauti inaanza kukwaruza, rudisha nyuma kidogo. Acha hapo.

Mwenye mita anaweza kupata kipimo cha uhakika zaidi. Zidisha wati za amplifaya kwa omu za spika, kisha tafuta kipeuo cha pili. Mfano, wati 100 kwa omu 4 ni 400, na kipeuo chake ni 20. Chomoa spika, piga mlio wa kupimia wa hezi 1,000 (kwa sabufa tumia hezi 50) volyumu ikiwa robo tatu, weka mita kwenye volti za AC, na fungua geini mpaka isome 20. Kama spika inabeba wati chache kuliko amplifaya, tumia wati za spika kwenye hesabu.

Ukishamaliza, usiiguse tena geini. Volyumu ni kazi ya redio. Na kama mziki bado unamezwa na barabara, kinachohitajika ni amplifaya yenye wati zaidi na spika zinazoweza kuzibeba. Kuziba matundu ya milango na kukaza bodi inayogonga pia kunasaidia, tena kwa gharama ndogo kuliko spika mpya.