Kokwa ya shea haikai kwenye jokofu: akiba yake ni mti uliosimama

KAMPALA – Mfanyabiashara anayeleta mafuta ya shea Kampala kutoka Gulu au Lira, na mwenzake anayeleta mkaa kwa barabara hiyohiyo kupitia daraja la Karuma, mara nyingi wanakula kwenye mti mmoja. Wa kwanza anauza tunda, wa pili anauza shina. Shina likishakatwa, hakuna mbegu ya akiba inayoweza kungoja kwenye ghala la baridi.

Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa nchi zetu zina benki za mbegu. Ya Uganda iko Entebbe, kwenye Bustani ya Mimea, chini ya Shirika la Taifa la Utafiti wa Kilimo, NARO. Ya Kenya iko Muguga. Norway ina ghala la Svalbard, lililofunguliwa mwaka 2008, linalotunza nakala za mbegu kutoka pande zote za dunia. Utaratibu ni uleule: mbegu hukaushwa hadi ibaki na maji kidogo sana, hufungwa kwenye pakiti isiyopitisha hewa, kisha huwekwa kwenye baridi ya nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Mtama, maharage na simsim hukaa hivyo miaka mingi, na zikipandwa zinaota.

Kokwa ya shea haikubali utaratibu huo. Inaanguka ikiwa imejaa maji. Ukiikausha sana, inakufa. Ukiigandisha ikiwa mbichi, maji yake hugeuka barafu na kuharibu chembe zake. Hata ukiiacha tu kivulini, baada ya wiki chache nguvu ya kuota imekwisha. Fenesi, embe, parachichi na kakao zina tabia hiyohiyo. Ndiyo maana kokwa za shea zinazouzwa kwa gunia sokoni, zilizokwisha kuchemshwa na kuanikwa, ni za kukamua tu. Usizinunue kwa nia ya kuotesha miche.

Wanasayansi wana njia nyingine ya mbegu za aina hii: kutoa sehemu ndogo sana inayochipua mche, kuikausha kwa haraka na kuizamisha kwenye naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Lakini njia hiyo inataka maabara, naitrojeni isiyokatika, na mafundi wa kuikuza tena ndani ya chupa. Haiwezi kubeba mamilioni ya miti iliyotapakaa mashambani.

Kwa nini mfanyabiashara ajali? Kwa sababu utofauti wa miti hiyo ndio bidhaa yenyewe. Shea ya Afrika Magharibi hutoa mafuta magumu, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2000 inaruhusu mafuta ya shea kuwa miongoni mwa mafuta ya mimea yanayotiwa kwenye chokoleti, yote pamoja yasizidi asilimia 5. Shea yetu, ambayo wataalamu huiita nilotica, hutoa mafuta laini yanayoyeyuka upesi, na watengenezaji wa vipodozi huyatafuta kwa sifa hiyo.

Hata ndani ya shamba moja miti haifanani. Wakulima wa Acholi, Lango na Teso wanajua mti wenye tunda tamu, wenye kokwa kubwa, na ule unaotoa mafuta mengi. Mingi iliota yenyewe kutokana na mbegu, hivyo kila mmoja una vinasaba vyake. Mchoma mkaa hachagui. Anaweza kuangusha ulio bora kuliko yote. Mche mpya hukaa miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa, ilhali gunia la mkaa huisha jikoni kwa wiki chache.

Mei 2023 Rais Yoweri Museveni alitoa Amri ya Rais Namba 3, iliyopiga marufuku uchomaji wa mkaa wa biashara kaskazini mwa Uganda. Ila mti huu haujui mpaka. Unaota pia Sudan Kusini, ng'ambo ya Elegu, na kaskazini-mashariki mwa Kongo. Nchi hizo ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016 na 2022. Marufuku ya upande mmoja, jiko la Kampala likiendelea kudai mkaa, yanaweza kuhamishia shoka upande wa pili.

Kwa hiyo benki ya mbegu ya shea ni shamba lenyewe, na mnunuzi ni mmoja wa walinzi wake. Anayenunua mkaa aulize umetokana na mti gani. Anayenunua mafuta awalipe zaidi akina mama wanaotenga kokwa za miti bora, ili miti hiyo iwe na thamani ikiwa imesimama. Anayetaka kupanda achukue kokwa mbichi chini ya mti anaoujua, azipande msimu huohuo. Na mkulima anayefyeka shamba aache miche iliyoota yenyewe, kama wazee walivyofanya. Mingi ya miti inayotulisha leo ilibaki kwa namna hiyo.