Vituo vya Data na Umeme wa Kenya

Kituo cha data ni jengo lenye maelfu ya kompyuta zinazohifadhi na kuchakata taarifa za simu, benki na serikali usiku na mchana. Kompyuta hizo hula umeme mwingi na kutoa joto kali, hivyo lazima zipozwe, mara nyingi kwa maji.

Mei 2024, Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kujenga kituo Olkaria, karibu na Naivasha, kitakachotumia umeme wa mvuke wa ardhini. Kingeanza na megawati 100 na hatimaye kufikia 1,000. Wakazi wa Manyatta, Embu, wanaweza kuupima ukubwa huo kwa mto wao: Rupingazi hushuka kutoka Mlima Kenya hadi mto Thiba, kisha mto Tana. Huko, bwawa la Gitaru lina uwezo wa megawati 225. Mabwawa yote matano ya mfululizo wa Seven Forks kwenye Tana, kuanzia Masinga hadi Kiambere, hayazidi sana 600.

Faida zipo. Taarifa zikihifadhiwa karibu, huduma huwa za haraka zaidi. Mvuke wa Olkaria, ambao usiku hupotea kwa kukosa matumizi, hupata mteja wa kudumu. Ajira, kwa kweli, ni haba: ujenzi ukiisha hubaki mafundi na walinzi wachache.

Gharama nzito ni umeme. Mkataba wa haki humtaka mwekezaji alipie mitambo na nyaya mpya, ili mzigo huo usiangukie bili ya mkulima wa chai wa Manyatta.