Sadfa ya Njiani: Msafiri Anapokutana na Asiyemjua

Swali la mbinu za uandishi linapotokea katika karatasi ya fasihi, watahiniwa wengi hukimbilia neno 'sadfa'. Huandika kwamba mhusika fulani alikutana na mwenzake safarini kwa sadfa, kisha wakaanza hoja nyingine. Hapo alama hupotea, kwa maana kutaja mbinu si kuifafanua. Makala haya yananuia kueleza namna ya kuisoma sadfa ya njiani, yaani mkutano usiopangwa baina ya msafiri na mtu asiyemjua. Hoja yetu ni moja: kukutana ni bahati, bali yanayofuata hutokana na uamuzi wa mhusika.

Kwa nini njiani? Nyumbani kila mtu hujulikana kuwa mwana wa fulani. Jema na baya lake lina shahidi. Njiani hana ukoo wala cheo, na anayemtendea mgeni hatarajii kulipwa wala kuulizwa. Kwa hiyo, njia humpa msanii mahali pazuri pa kumpima mhusika. Wahenga walipotukumbusha kwamba milima haikutani ila binadamu hukutana, walikuwa wakituonya kuwa mgeni wa leo huenda akawa mwamuzi wetu kesho.

Hebu tuanze na fasihi simulizi. Katika ngano nyingi za msako, kijana huondoka kwao na njiani hukuta ajuza mwenye vidonda anayeomba kuoshwa. Wa kwanza humcheka na kupita. Wa pili huinama akamwosha, naye hupewa siri itakayomwokoa mbele ya safari. Tanbihi kwamba wote wawili walikutana na ajuza yule yule. Bahati yao ilikuwa sawa, na kilichowatenga ni tabia. Fanani hulirudia tukio hilo makusudi ili hadhira ilinganishe.

Shaaban Robert aliutumia msingi huo katika Adili na Nduguze (1952). Safarini pamoja na nduguze Hasidi na Mwivu, Adili anamwokoa kiumbe dhaifu aliyekuwa akifukuzwa na mwenye nguvu. Hajui kwamba kiumbe huyo ni Huria, binti wa mfalme wa majini. Nduguze wanapomtosa baharini kwa husuda, ni Huria anayemwokoa na kuwageuza wahalifu hao manyani. Kisha yuko Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anayekwenda Janibu kudai kodi na kumwona mwenyeji wake usiku akiwapiga manyani wawili. Ikibali halifumbii macho jambo hilo. Linafika kwa mfalme, na mwishowe nduguze hurejeshewa ubinadamu. Wageni wawili wamebeba msuko mzima: mmoja alipata hisani, mwingine alijali alichokiona. Kama Adili angempita Huria, riwaya ingeishia baharini.

Katika Kidagaa Kimemwozea, Ken Walibora anawakutanisha Amani na Imani kando ya ziwa kabla ya kufika Sokomoko. Imani amekata tamaa ya maisha, na Amani ana lake la kutafuta. Hawajuani. Hata hivyo, wanaandamana, mmoja akawa mchungaji wa ng'ombe wa Mtemi Nasaba Bora na mwingine mtumishi kwa Mwalimu Majisifu. Hapa msomaji makini atapinga: je, si ajabu kwamba watu wawili ambao familia zao zimedhulumiwa wakutane hivi hivi tu? Pingamizi hilo ni halali na mtahiniwa asilikwepe. Jibu limo katika jamii yenyewe ya Tomoko. Mahali ambapo unyakuzi wa ardhi umeenea kiasi hicho, wanyonge wengi hufukuzwa makwao, na njia hujaa waliofukuzwa. Sadfa hiyo basi inaimarisha maudhui ya dhuluma badala ya kuyapunguzia uhalisi.

Kutokana na mifano hiyo, mwalimu anaweza kuwazoeza wanafunzi kuuliza maswali matatu. Mosi, je, hii ni sadfa kweli? Iwapo mhusika mmoja alimfuata mwenzake au alimvizia, hiyo si sadfa. Pili, mhusika alitenda nini baada ya kukutana, na tendo hilo linafichua sifa gani? Tatu, tukio hilo limeusukuma vipi msuko na kukuza maudhui yapi?

Linganisha majibu haya mawili. La kwanza: 'Kuna sadfa Adili anapokutana na Huria.' La pili: 'Adili anakutana na Huria kwa sadfa safarini na kumwokoa bila kumjua wala kutarajia malipo. Tukio hili linadhihirisha utu wake, linaandaa kuokolewa kwake anapotoswa baharini, na linakuza maudhui ya wema kulipwa kwa wema.' Jibu la pili limeitaja mbinu, likatoa mfano na kueleza umuhimu wake. La kwanza limemwachia mtahini kazi yote.

Ikumbukwe pia kwamba si kila sadfa hufaulu. Mgeni akijitokeza ghafla mwishoni na kuyatatua matatizo ambayo mhusika hakuyapigania, huo huwa udhaifu wa msuko, na mwanafunzi ana haki ya kuuhakiki mradi atoe ithibati.

Zoezi: Chagua tukio moja ambapo msafiri anakutana na asiyemjua katika kitabu teule unachosoma. Eleza kilichotokana na bahati na kilichotokana na uamuzi wa mhusika. Ukiweza kuvitenganisha viwili hivyo, umeielewa sadfa.